Wakala wa Nyumba Asiyoiona

Tumeulizwa na kijana mmoja wa pwani yetu, ambaye makazi yake sasa ni katika jimbo la Ohio huko Marekani, suala ambalo mara ya kwanza tulilidhania kuwa dogo. Kazi yake ni uwakala wa bima za nyumba. Ana leseni ya Ohio, na juu ya hiyo anazo leseni za majimbo mengine ambayo hakai, na baadhi yake hajapata hata kuyakanyaga. Hukaa mezani pake akamuuzia mtu wa Florida bima ya nyumba iliyo Florida, kisha akapata udalali wake. Atuuliza: Serikali imeniruhusu, je, chumo langu ni safi?

Yapasa kwanza tueleze mambo yalivyo huko, kwani wengi wetu twadhani kuwa Marekani ni nchi moja yenye sheria moja. Katika bima sivyo. Kila jimbo lina msimamizi wake wa bima na kanuni zake, na jambo hili lina asili ya zamani. Mwaka 1866 jimbo la Virginia lilitoa sheria ya kuyataka makampuni ya bima ya majimbo mengine yaweke dhamana kabla ya kupewa leseni. Wakala mmoja wa mji wa Petersburg, aliyekuwa akiyawakilia makampuni ya New York, aliuza bima ya moto bila ya leseni akatozwa faini ya dola 50. Akaipandisha kesi yake mpaka mahkama kuu ya nchi nzima, na mwaka 1869 akashindwa. Mahkama ikasema kuwa mkataba wa bima si biashara baina ya majimbo. Mwaka 1944 mahkama iyo hiyo ikaigeuza kauli yake, na mwaka uliofuata bunge likayarudishia majimbo madaraka yao kwa sheria. Hata hivi leo mwenye kuuza bima ya nyumba hutakiwa awe na leseni ya jimbo ilipo nyumba, hata akiwa yeye anakaa mbali namna gani.

Kuipata leseni hiyo kulikuwa na mashaka mengi kwa mgeni, mpaka mwaka 1999 bunge lilipoyataka majimbo ama yalinganishe kanuni zao ama yakubaliane kupokea leseni za wenzao, yakapewa muda wa miaka 3. Basi sasa mwenye leseni safi ya jimbo lake hupeleka maombi na ada, na kwa kawaida hupewa leseni ya jimbo jingine bila ya kutahiniwa mara ya pili. Hapa ndipo penye suala lenyewe. Mtihani alioupita kijana wetu ulimuuliza kanuni za Ohio. Za Florida hakuulizwa na mtu.

Na Florida si Ohio. Ohio iko mbali na bahari, na mwenye nyumba wa huko akivunjiwa paa na upepo hubeba yeye sehemu ya kwanza ya khasara, ambayo mara nyingi ni kiasi cha fedha kilichotajwa wazi katika hati. Florida imezungukwa na bahari pande tatu, na khasara ya tufani ina hesabu yake mbali: mwenye nyumba huweza kuwekewa sehemu ya 2, au 5, au 10 katika kila 100 ya thamani iliyowekewa bima. Nyumba ya dola 300,000, kwa hesabu ya 2 katika 100, mwenyewe atatoa dola 6,000 kabla kampuni haijatoa hata senti. Nenda California, utakuta kuwa tetemeko la ardhi halimo katika bima ya kawaida ya nyumba. Sheria yalazimisha kampuni imtolee mwenye nyumba bima hiyo peke yake, naye ana khiyari ya kuikataa. Ama mafuriko, hayo hayamo katika bima ya kawaida ya nyumba. Huwa na hati yake mbali, na tangu mwaka 1968 serikali kuu ina mpango wake wa kuyawekea bima.

Kabla hatujaendelea, msomaji asidhani tumeisahau hukumu ya bima yenyewe. Majlisi ya Fiqhi ya nchi za Kiislamu ilipokutana Jeddah mwezi wa Desemba 1985 iliikataza bima ya biashara na ikajuzisha ile ya kusaidiana. Muulizaji asema anayo fatwa aliyoishika kwa wanavyuoni wa huko aliko, nasi hapa hatukuulizwa hilo. Tulilonalo lamhusu hata wakala wa ile ya kusaidiana.

Tujiulize basi, wakala huuza nini? Mwenye duka la vitambaa katika Mji wa Kale huuza kitu kinachoshikika. Mnunuzi atakikunjua, atakitazama juani, akikuta kimetoboka atakirudisha kesho. Dalali akikuuzia kiwanja cha Malindi asichopata kukiona, bado waweza kupanda gari ukaenda kukitazama wewe mwenyewe. Lakini bima ni ahadi, na kombo la ahadi halionekani ila siku ya msiba, wakati ambapo mnunuzi hawezi tena kurudi nyuma akachagua nyingine. Kwa ajili hii twaona kuwa anayeuza ahadi ana deni la kueleza kubwa zaidi kuliko la muuza kitambaa.

Wako watakaosema: Mnunuzi ni mtu mzima, hati amepewa, na asome. Maneno haya yana haki kidogo ndani yake. Lakini sisi sote tumetia saini hati za kupanga nyumba na za mikopo, na tukisema kweli, ni nani katika sisi aliyezisoma mpaka mwisho? Mtu humwendea wakala kwa kuwa hati hazifahamu, na udalali hulipwa kwa sababu hiyo. Ikiwa wakala naye hazifahamu, basi huchukua ujira wa kazi ambayo hakuifanya.

Tulipofika hapa, baadhi yetu katika darsa walitaka tumjibu kijana kwa mkato: Uza penye mwako tu, hapo utakuwa salama. Tulikaribia kukubaliana. Lililotuzuia ni kesi ya mji wa Pascagoula, katika pwani ya jimbo la Mississippi. Tufani ya Katrina ya tarehe 29 Agosti 2005 iliisukuma bahari mpaka ndani ya nyumba za watu. Mume na mke mmoja walidai khasara ya zaidi ya dola 130,000. Kampuni ikasema upepo ndio uliomo katika hati na maji hayamo, ikawapa dola 1,661. Wao wakasema kuwa walipomuuliza wakala wao kama wahitaji bima ya mafuriko, aliwaambia hawana haja, kwa kuwa mahali pao si pa mafuriko. Mahkama haikuona kuwa maneno hayo yaligeuza hati, wakaongezewa fedha kidogo tu, na mahkama ya rufaa ikathibitisha mwaka 2007. Na wakala huyo hakuwa mgeni wa kutoka Ohio. Alikuwa mtu wa huko huko, akiijua pwani ile.

Basi ukaazi peke yake haukumfaa mteja kitu. Na tukitazama upande wa pili, twajua kuwa ndugu zetu waliohamia Marekani wametawanyika katika majimbo mengi. Mama mmoja aliyenunua nyumba Florida, ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni, huenda akafahamu zaidi akielezwa kwa Kiswahili na kijana aliye mbali naye kuliko kwa Kiingereza cha haraka na jirani wa mtaa wa pili. Kumkataza kijana asimuuzie ni kumnyima mama huyo mtu wa pekee atakayemfahamisha.

Jawabu letu, kwa hivyo, ni kuwa leseni hizo si haramu kwake, lakini hazimtoshi. Asiuze katika jimbo ambalo hajazisoma kanuni zake kama alivyozisoma za Ohio, ijapokuwa hakuna atakayemtahini. Aulize nyumba iko umbali gani na maji na paa lake lina umri gani. Sehemu ya khasara ya tufani aitaje kwa dola, wala asiitaje kwa mia, kwani wengi huisikia 2 wakadhani ni kitu kidogo. Na atamke kwa ulimi wake kuwa mafuriko hayamo, hata akijua kuwa kutamka hivyo kwaweza kumkimbiza mnunuzi kwa wakala mwingine aliye kimya. Akiogopa kumkosa mnunuzi kwa sababu hiyo, basi hapo ndipo penye shaka ya chumo lake.

Limebaki jambo moja, ambalo ametuandikia mwisho wa barua kama mtu anayelipitisha haraka. Wako wateja aliowauzia mwaka wake wa kwanza, katika Florida, na hakuwatajia mafuriko kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua. Hao ndio wa kuwaanza. Awapigie simu mmoja mmoja, awaambie alilolikosa, wala asiwangoje mpaka wakati wa kuirudishia upya hati. Msimu wa tufani wa huko huanza tarehe 1 Juni, na bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida haianzi kazi mpaka zipite siku 30 tangu kununuliwa. Akianza baada ya mwezi wa Aprili kwisha, atakuwa amechelewa.