Safari ya Kisiwani

Ndugu yetu mmoja kijana, mkulima wa wilaya ya Mkalama katika mkoa wa Singida, aliyeingia katika Uislamu miaka miwili iliyopita, ametuletea barua yenye maswali matatu. Anasema kwamba yeye na rafiki zake wanne, waliosoma pamoja tangu darasa la kwanza, waliuza vitunguu vyao wakaweka akiba ili mwisho wa mwaka waende Unguja. Watakaa Nungwi siku nne, nao wamechagua tarehe makusudi wasije wakaikosa ngoma ya mbalamwezi ipigwayo pwani ya Kendwa. Rafiki hao si Waislamu. Basi anauliza: Je, kwenda huko ni haramu? Je, akikataa, hatakuwa amewatupa watu waliomfaa? Na la tatu, akiwa chomboni atasali vipi? Tumeona vema kumjibu hapa, maana twajua hayuko peke yake.

Kwanza ajue ya kuwa safari yenyewe si haramu. Kurani Tukufu haikumwamuru mwanadamu ajifungie nyumbani, bali mara nyingi yamhimiza atembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliomtangulia. Na bahari imetajwa humo miongoni mwa neema: nyama yake mbichi, mapambo yatolewayo ndani yake, na majahazi yaipasuayo. Mtu ambaye maji makubwa aliyopata kuyaona ni ziwa Singidani ana haki ya kutamani kuiona bahari, wala asione haya kwa tamaa hiyo.

Tena Unguja ina mengi ya kumfunza mtu wa bara. Huko kusini, Kizimkazi Dimbani, uko msikiti ambao maandishi ya mihrabu yake yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kijana huyu anatuandikia kwamba kijijini huambiwa amefuata dini ngeni iliyoletwa jana. Asimame mbele ya ukuta ule ahesabu mwenyewe miaka. Kisha akirudi mjini aende Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hata Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873, ambapo sasa pana kanisa kuu la Waanglikana. Njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda pwani ilipita nchi ya Ugogo, upande wa Kilimatinde, iliyo leo katika wilaya ya Manyoni. Kwa hiyo wako watu wa bara waliotangulia kuiona bahari kabla yake, lakini hawakulipa nauli. Na hapo Mwislamu hana budi kusimama kwa unyenyekevu na kwa haya pia, maana wengi waliouza na kununua walijiita Waislamu, hali Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alihesabu kumwacha mtumwa huru kuwa ni katika ibada kubwa. Tusiwafiche wageni wa dini jambo hili. Wataliona wenyewe, na afadhali waliposikia kwetu kwanza.

Lakini sote twafahamu ya kuwa wale vijana wanne hawaendi Kizimkazi.

Tuseme basi juu ya mbalamwezi. Mwezi uwapo mpevu, bahari huingia katika bamvua: maji hujaa sana, kisha hutoka yakaacha nchi kavu mbali kabisa. Usiku huo huko Kendwa watu hucheza hata karibu na alfajiri, na vileo havikosekani. Na siku hizo hizo, upande wa mashariki wa kisiwa, huko Paje na Jambiani, maji yakishakutoka wanawake hushuka na kamba na vigingi vyao kwenda kufunga mwani. Kazi hiyo walianza kuifanya kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na saa za kazi hupangiwa na mwezi. Huinama ndani ya maji ya magotini, jua likiwapiga migongo, mpaka bahari inaporudi kuwafukuza. Na wako wengine wanaoungoja mwezi huo huo: Mtume s.a.w. alipendekeza kufunga siku ya 13, ya 14 na ya 15 ya kila mwezi wa Kiislamu, ndizo siku nyeupe, kwa sababu ya mwanga wa usiku wake. Mwezi ni mmoja, na Mwenyezi Mungu hakuufanya mali ya wacheza ngoma. Kijana wetu asidhani kwamba akikosa Kendwa amekosa mbalamwezi.

Ama kuhusu rafiki zake, hatutamwambia awatupe. Ni kweli Mtume s.a.w. alimfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mbaya na mvukuta mifua ya mhunzi: yule wa kwanza hukupa harufu njema hata usiponunua kitu, na huyu wa pili hukuunguza nguo au hukuachia harufu mbaya. Lakini wako watu wanaoupokea mfano huo upesi mno, wakasilimu leo na kesho wakaacha kuwaamkia wenzao wa jana. Hilo si takwa, ni kiburi. Wale wanne, aandika mwenyewe, ndio waliomchangia dawa alipolazwa hospitali, nao walijua tayari kwamba amesilimu. Twamwuliza swali moja tu: Je, wameshajua kwamba yeye hanywi, wala hatakwenda ngomani? Kama hajawaambia, akawaambie sasa, wakiwa shambani na akili zao timamu, asingoje mpaka mezani Nungwi, ambako aibu itamfunga kinywa. Asafiriye kwa siri ya imani yake hushindwa mapema. Basi likisimama Manyoni saa ya adhuhuri, atashuka mbele yao akatawadhe? Akiwa na uhakika kwamba atashuka, hatuna hofu naye sana. Akiwa na shaka, basi safari hii bado ni kubwa kuliko nguvu zake, na kukiri hivyo si dhambi.

Asisahau pia kwamba bahari si mchezo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku kumi hivi baada ya Idi-el-Fitri, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi hiyo hiyo ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe. Sura Yunus yaeleza watu walio chomboni wakifurahia upepo mzuri, mara dhoruba huwafikia, nao humwomba Mungu kwa moyo safi kabisa, na wakishaokolewa husahau. Hatuyasemi haya kumtia hofu, bali ili asivuke kwa dua moja ya kwenda na nyingine tofauti ya kurudi.

Sasa tufikie jambo ambalo hakuliuliza. Pembeni mwa barua yake, kwa herufi ndogo, ameandika kwamba mama yake mwaka huu yuko peke yake, na shamba la mtama halijapandwa. Ndugu yetu, sisi twaona hapo ndipo palipo swali lako. Watu wa mijini huita Desemba mwezi wa mapumziko. Singida hatuna vuli na masika kama jirani zetu wa pwani. Tuna msimu mmoja tu, na siku zile ambazo wewe utakuwa ukioga baharini, mvua za kwanza zitakuwa zikinyesha juu ya shamba la mama mzee mwenye jembe moja. Alikuja mtu kwa Mtume s.a.w. akitaka kumpa ahadi ya kuhama pamoja naye, akasema amewaacha wazazi wake wakilia. Mtume s.a.w. alimrudisha akawachekeshe kama alivyowaliza. Naye alikuwa anakwenda kwenye kazi ya dini, si Nungwi.

Kapande kwanza. Bahari haitaondoka. Baada ya mavuno, mwezi wa Julai, kusi huvuma na Unguja huwa baridi ya kupendeza. Waombe wenzako wakungoje. Na kama watatangulia, fungu lako la akiba waache walitumie wakutakapo kulirudisha, wala usigombane nao kwa ajili yake.

Kuhusu swali la tatu: msafiri hupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, naye aweza kuunganisha adhuhuri na alasiri. Boti za kasi huvuka kwa saa mbili hivi, kwa hiyo waweza kusali bandarini kabla ya kupanda. Ukilazimika kusali chomboni, simama ukiweza, na mawimbi yakikushinda kaa. Na kibla si taabu kukijua huko, maana Makka iko kaskazini mwa Unguja karibu sawasawa. Unapotoka Dar es Salaam elekea omo. Unaporudi, elekea tezi.