Kadi za wachezaji: Burudani, biashara au takathur?

Sifa zote njema ni za Allah (sw). Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (saw), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, Uislamu unapokihukumu kitu hauangalii kitu chenyewe peke yake. Unaangalia pia kimepatikanaje, kinauzwaje, na aliyenacho anakusudia nini. Kanuni hii ni nyepesi kuisoma darasani, lakini huwa nzito pale mtu anapotakiwa kuitumia kwenye jambo analolipenda.

Nimeirudia kanuni hii baada ya kuulizwa swali na kijana niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa anaishi Marekani. Huko ameingia katika mapenzi ya kukusanya kadi za wachezaji wa besiboli, hasa zile seti za boksi zilizotengenezwa kwa ajili ya maduka makubwa. Anazo nyingi, na nyingine hajazifungua kabisa. Swali lake lilikuwa fupi: "Ustadhi, ubaya uko wapi?"

Kwa faida ya wasomaji, nianze na maelezo. Kadi hizi zina picha ya mchezaji upande mmoja na takwimu zake upande wa pili. Zamani ziliwekwa ndani ya pakiti za sigara ili kuvutia wateja. Kadi ya Honus Wagner, ya seti ya tumbaku iliyotolewa kati ya mwaka 1909 na 1911, iliuzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 7. Mwaka huo huo, kadi ya Mickey Mantle iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6.

Katika miaka ya 1980 maduka nayo yakataka sehemu yao. Mwaka 1982 Topps ilitengeneza seti ya kadi 44 kwa ajili ya Kmart, duka lililokuwa likiadhimisha miaka 20. Mwaka 1987, Kmart ilipotimiza miaka 25, ikatoka nyingine ya kadi 33. Woolworth, Kay-Bee na Toys "R" Us nao wakawa na maboksi yao, na kampuni ya Fleer ikawatengenezea wenye maduka wengine. Mzazi aliyekwenda kununua sabuni au viatu alilikuta boksi dukani, bei yake dola chache, akamchukulia mtoto. Duka lilipata mteja, na mtoto alipata nyota wote kwa mara moja.

Sasa tuje kwenye hukumu. Kadi nyingi za kawaida huuzwa katika pakiti iliyofungwa. Mnunuzi hutoa fedha bila kujua ndani atamkuta nani. Huenda akapata nyota, huenda akapata wale wale alionao tayari. Mtume (saw) amekataza biashara yenye gharar, yaani yenye kutojulikana kinachouzwa, kama ilivyo katika Hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (ra). Mwenye kununua pakiti baada ya pakiti akiiwinda kadi moja ya thamani, na asijali zilizobaki, hana tofauti kubwa na mcheza bahati nasibu.

Seti ya boksi haina tatizo hilo. Idadi inajulikana, waliomo wanajulikana, bei inajulikana. Katika mlango huu wa muamala boksi la dukani ni safi kuliko pakiti, na lazima tuseme haki hata kama jambo lenyewe tunaliona la kipuuzi. Ama suala la picha, wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana juu ya picha za kamera, na sitaki kulifanya ndilo kiini cha mjadala.

Kiini ninakiona katika kile kinachouzwa pamoja na kadi. Seti ya Fleer ya mwaka 1985, kwa mfano, iliitwa "Limited Edition", yaani toleo lenye idadi maalumu. Neno hilo humfanya mtu aamini kuwa kitu ni adimu na kwamba asipokinunua leo hatakipata tena. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kadi za besiboli zilichapishwa kwa wingi kupita kiasi, watu wakazihifadhi wakidhani wanawawekea watoto wao akiba, na hadi leo nyingi kati yake zinauzwa kwa bei ya kutupa. Kadi ya Wagner ni ghali kwa kuwa chache tu ndizo zilizopo. Kitu ambacho kila mtu amekiweka kabatini hakiwezi kuwa adimu. Mtume (saw) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, alimkemea muuzaji kwa kuficha kasoro. Muuzaji anayetangaza uadimu usiokuwepo ameingia katika mlango huo huo.

Na mkusanyaji naye ana lake. Mvuto wa seti ni kukamilisha. Boksi la kadi 33 linakupa raha ya kitu kisichopungua. Lakini raha hiyo haikai, kwani ukikamilisha ya Kmart utaitamani ya Woolworth, kisha ya mwaka unaofuata. Surat at-Takathur inatuonya juu ya kushughulishwa na kuzidisha, na Surat al-Humaza inamkemea mwenye kukusanya mali na kuihesabu hesabu.

Nilimuuliza kijana wangu swali moja: maboksi usiyoyafungua unayawekea nini? Akajibu kuwa anangoja bei ipande ayauze. Nikamwambia, basi hiyo ni biashara. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kitu ulichokinunua kwa nia ya kukiuza ni bidhaa, na kinapitiwa na mwaka kama bidhaa nyingine. Thamani yake ya soko ikifikia nisabu, sawa na gramu 85 za dhahabu, basi asilimia mbili na nusu yake ni haki ya maskini. Zile alizozinunua kuzitazama na kufurahi hazina zaka, lakini zina swali la israfu.

Hapo alinyamaza. Wengi wetu tuna maboksi ya namna hiyo, yawe ya kadi, saa, simu au viwanja. Mke akiuliza fedha zimekwenda wapi, tunasema ni akiba. Mwenye kukusanya zaka akipita, tunasema ni burudani tu. Nia mbili kwa kitu kimoja, kila moja ikitolewa kulingana na anayeuliza. Watu tunaweza kuwapa majibu mawili, lakini Allah (sw) anayajua yaliyomo vifuani.

Kwa hiyo sisemi mtu azichome kadi zake. Mwenye boksi moja linalomkumbusha mzazi aliyemnunulia utotoni, na alihifadhi. Ninalosema ni kwamba kila mmoja akiainishe kile alichokikusanya: ni burudani au ni biashara? Kisha ailipe haki ya jibu lake.

Wallahu a'lam.