Birika halina shikamoo
Birika linaweza kukuambia kwamba mama ameamka, lakini haliwezi kumwamkia. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ya Japani ilileta birika la umeme linalowajulisha ndugu walio mbali kama mzee amelitumia siku hiyo. Mimi nalipenda kuliko kamera, maana halimchungulii mtu akiwa na kanga moja chumbani kwake. Hata hivyo aulizwe kwanza, nyumba ni yake. Hatari iko kwetu watoto: taarifa ikishaingia kwenye simu tunaridhika, na siku inapita. Ikiingia, mpigie. Umeshajua amekunywa chai, kwa hiyo muulize mengine: goti linasemaje, na jirani kamuudhi kwa lipi safari hii.