Haki ya Asiyealikwa

Kuna swali ambalo nimelifikiri sana tangu nilipostaafu ualimu, nalo ni hili: je, furaha ya watu wengi inaweza kumdhulumu mtu mmoja? Watu hulijibu haraka. Wapo wasemao kwamba muziki wa usiku ni kelele tupu, na ingefaa upigwe marufuku. Wapo wengine wasemao kwamba watu elfu moja wanaofurahi hawawezi kuzuiwa na mtu mmoja anayetaka kulala. Naona majibu yote mawili yana kasoro.

Jibu la kwanza halilingani na historia yetu. Hapa Kizimkazi, upande wa Dimbani, upo msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya pwani hii. Kijiji chenye msikiti huo kina ngoma zake pia. Jirani zetu wa Makunduchi huimba na kupigana kwa migomba katika Mwaka Kogwa. Mjini, klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Waliomsikiliza ndio hao hao waliokuwa wakisali. Asemaye kwamba muziki ni jambo geni visiwani amewasahau bibi zake.

Jibu la pili linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu lina sura ya hesabu, nasi walimu hupenda hesabu. Lakini hesabu hiyo inasahau jambo moja. Zamani aliyetaka kusikia ngoma alitoka kwake akaifuata, na aliyekuwa mbali alisikia kile tu alicholetewa na upepo. Siku hizi spika humfuata mtu mpaka kitandani kwake. Kwa hiyo shughuli ya leo ina watu wa aina mbili: waliokuja kwa hiari yao, na wale ambao muziki umewafikia bila ya kuulizwa.

Mwezi wa Agosti 2024 nilikwenda kwenye Tamasha la Kizimkazi pamoja na wajukuu zangu. Kijana mmoja niliyemsomesha chuoni, ambaye sasa naye ni mwalimu mwenye mvi, aliinuka akanipa kiti chake.

“Shikamoo, Mwalimu. Hata wewe umekuja kwenye muziki?”

“Marahaba. Nimekuja kuwakagua.”

Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo. Kilipomaliza kikundi kimoja kilipanda kingine, ngoma za asili zikiwapisha vijana wa muziki wa kizazi kipya, na hakuna aliyeng’ang’ania jukwaa. Lakini kilichonigusa zaidi kilitokea mapema, jioni, mafundi walipokuwa bado wanajaribu mitambo. Adhana ya magharibi iliadhiniwa. Spika zikazimwa papo hapo. Mpiga ngoma aliweka vijiti vyake mapajani, akatulia. Baadaye muziki ulipoanza, sikumwona mtu ambaye furaha yake ilipungua kwa sababu ya kungoja.

Basi nikajiambia: furaha ikiweza kungoja adhana, inaweza kungoja na mengine. Taabu ni kwamba msikiti una kipaza sauti chake, ilhali mgonjwa aliyelala nyuma ya ukuta hana. Sisi sote tunajua kumnyamazia mwenye sauti. Uadilifu wa watu hupimwa kwa namna wanavyomtendea asiyesikika.

Miaka kadhaa iliyopita, mtaani kwetu, harusi iliangukia siku ya pili ya msiba, na nyumba ya msiba ilikuwa ya tatu kutoka ya harusi. Spika zilikuwa zimekwisha kodiwa, na bendi mbili zimekwisha lipwa. Baba wa bibi harusi alikwenda matangani, akakaa mkekani na watu, kisha akasema, “Ndugu zangu, nimekuja kukuombeni. Mkisema nisipige, sipigi.” Mfiwa alinyamaza kitambo, halafu akamjibu, “Mtoto wako ni mtoto wetu. Piga, ila spika zielekeze baharini, na usivuke saa nne.” Ikawa hivyo. Bendi ya pili ilipata nusu saa tu. Muziki ulisikika matangani vile vile, maana upepo hauamrishwi, lakini sikusikia hata mmoja akiuita kelele.

Wapo watakaosema kwamba tukianza kumwomba kila jirani, hautapigwa muziki tena. Sidhani. Anayeombwa kwa heshima mara nyingi hutoa zaidi ya alichoombwa. Tena maombi hufungua njia ambazo amri haizijui: spika hugeuzwa, saa hupangwa, mgonjwa huchukuliwa na jamaa akalala kwao usiku mmoja. Na kama jirani atakataa kwa chuki tu, wazee wa mtaa wapo. Hiyo ni kazi yao tangu zamani. Lakini akikataa kwa sababu mama yake anakata roho chumbani, basi watu elfu moja na wanyamaze, na wala wasijione wamedhulumiwa. Wao wamepoteza usiku mmoja, naye usiku wake hautarudi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na shughuli, kabla hujamlipa mwenye spika, hesabu nyumba zitakazofikiwa na sauti, ukabishe hodi. Nenda ukiwa tayari kujibiwa hapana. Aendaye kuomba huku ameazimia kupiga kwa vyovyote vile, huyo hakuomba. Alikwenda kutoa taarifa.