Haki ya Mama, Haki ya Timu

Ndugu zangu, kwetu Mibirizi msimu wa kahawa huanza Machi, masomo ya chuo yakiwa yamepamba moto. Timu ya roboti inataka jioni zangu. Mama anataka mikono ya kuchuma. Nani ana haki zaidi?

Salman al-Farisi alimkumbusha Abu Dardaa, aliyezama katika ibada, kwamba nafsi yake na ahali zake wana haki juu yake. Mtume (s.a.w.) akamsadikisha. Ikiwa ibada za sunna zina mpaka, sembuse roboti?

Lakini wanatimu nao nimewaahidi, na ahadi ni deni. Naona atangulie asiyeweza kungoja: kahawa mbivu huchumwa leo, programu huandikwa baada ya Isha. Tunapojiunga na timu, tuwaambie wenzetu mapema siku zisizo zao.