Nitawaambia Nini Watu wa Harambee?

Siku niliyomwambia mama kwamba sirudi tena chuo, hakulia wala hakunigombeza. Aliweka sufuria ya chai chini, akaniuliza swali moja: "Sasa nitawaambia nini watu wa harambee?"

Nilikuwa mwaka wa tatu, nikisomea takwimu. Karo ya kuanzia ilitoka kwa harambee iliyofanywa nyumbani kwetu, chini ya hema la kukodi. Watu walitoa mia mbili, mia tano. Mzee mmoja jirani alileta jogoo, akapigwa mnada mara tatu kabla ya kupata mwenyewe. Majina yote yako kwenye daftari la mama, na kiasi kando ya kila jina. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine: utakula nini, utaishi wapi. Hilo la harambee sikuwa na jibu lake. Miaka minne baadaye bado nalitafuta, na mahali nilipolitafutia sana ni pa ajabu kidogo: historia ya bendi moja ya Uswidi.

Bendi yenyewe ni At the Gates. Jamaa tuliyekaa naye chumba kimoja hosteli ndiye aliyenipa nyimbo zao kwenye flashi. Muziki wao ni metali ya kifo yenye melodi. Mwimbaji anapiga kelele kama mtu anayeungua koo na ngoma zinakimbia kama matatu iliyochelewa, lakini juu ya fujo hiyo magitaa mawili yanapiga tuni ambayo unaweza kuipigia mluzi ukiosha vyombo. Mtindo huu ulikomaa mji wa Gothenburg miaka ya 90, mikononi mwa vijana waliojuana: At the Gates, Dark Tranquillity na In Flames.

At the Gates ilianza 1990. Ndani yake kulikuwa na mapacha wawili, Anders Björler kwenye gitaa na Jonas Björler kwenye besi. Adrian Erlandsson alipiga ngoma, na Tomas Lindberg akaimba. Mpiga gitaa mwingine, Alf Svensson, aliondoka 1993, nafasi yake ikachukuliwa na Martin Larsson. Mwaka 1995 walitoa albamu yao ya nne, Slaughter of the Soul. Ina dakika kama 34 tu, na hakuna hata moja iliyopotezwa. Mlango ukafunguka: ziara, majarida, Marekani. Halafu 1996 Anders akaacha, na bendi ikafa. Alikuwa na miaka 23. Mimi niliacha chuo nikiwa na 22, kwa hiyo unaelewa kwa nini hadithi hii ilinishika.

Kwa muda mrefu niliitumia kama wakili wangu. Hoja ilikuwa hivi: tazama, waliacha, na hawakupoteza kitu. Albamu ile iliendelea kukua baada ya bendi kuzikwa. Miaka ya 2000 ilipoanza, Marekani ilijaa bendi changa zilizopiga gitaa kwa namna ile ile, na nyingine zilikiri wazi zimejifunza wapi. Mapacha na Erlandsson waliunda The Haunted mwaka ule ule wa 1996. Lindberg aliimba kwenye Disfear, Lock Up na The Great Deceiver. Hao hawakuacha muziki. Waliacha chombo, safari ikaendelea. Niliwaambia wasee mtaani maneno haya mara nyingi, hasa wakati kazi ya kuandika ilipokuwa imekauka na kodi imefika.

Lakini hoja hiyo ina shimo, na mtu aliyesoma takwimu hata kwa miaka miwili na nusu anapaswa kuliona. Tunaijua At the Gates kwa sababu ilifaulu. Bendi ngapi zilivunjika 1996 na hakuna anayezikumbuka? Wanachuo wangapi waliacha na hawakuandika insha kuhusu kuacha kwao? Ukihesabu waliofika peke yao, kila njia itaonekana nzuri.

Mwanafalsafa Mwingereza, Bernard Williams, aliligusa jambo hili mwaka 1976. Alimfikiria mchoraji anayeiacha familia yake aende kisiwa cha mbali kuchora. Alimwita Gauguin, lakini alimbuni kwa ajili ya hoja. Williams alisema kwamba wakati anaondoka, mtu huyu hawezi kujua kama ana haki ya kuondoka. Picha zikitoka nzuri, huenda akapata cha kujitetea nacho mbele ya nafsi yake. Zikiharibika, hana. Yaani, sehemu ya utetezi wake iko mikononi mwa bahati.

Nilipomsoma mara ya kwanza nilifurahi: basi nikitoboa, nitakuwa nimesamehewa. Siku hizi sioni hivyo. Hata Williams mwenyewe alikubali kwamba walioachwa wanaweza kubaki na lalamiko lao, picha ziwe nzuri namna gani. Tuseme kesho nitapata pesa na nijenge nyumba ya mawe pale kwetu. Watu wa harambee watanisifu, ni kweli. Lakini kusifiwa si kujibu. Mama hakuniuliza kama nitafaulu. Aliniuliza kuhusu watu walioweka kitu chao ndani yangu, nami nikageuza njia bila kuwaambia.

Hapo ndipo sehemu ya pili ya hadithi ya bendi inaponifundisha zaidi kuliko ya kwanza. Mwaka 2008 At the Gates walirudi jukwaani. Walisema wazi ni ziara ya kuaga na kwamba hakutakuwa na albamu mpya. Wahenga walishasema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baadaye walirudi tena kupiga, na 2014 albamu ikatoka, At War with Reality. Je, walivunja ahadi? Nadhani ndiyo, kwa maneno. Ila sioni nani aliyedhulumiwa. Mtu akitabiri moyo wake mwenyewe na akakosea, hilo ni kosa dogo kuliko kumwacha mtu akisubiri.

Halafu 2017 Anders akaacha tena. Mtu yule yule, bendi ile ile. Safari hii bendi haikufa. Jonas alibaki, Jonas Stålhammar akachukua gitaa, na albamu mbili zikatoka, 2018 na 2021. Mwaka 2022 Anders akarudi, na nafasi yake ilikuwepo. Sijui waliambiana nini ndani ya chumba cha mazoezi, na siwezi kudai najua. Lakini matokeo mawili ya tendo moja yananionyesha kitu: swali "aliacha au hakuacha" ni dogo mno. Kuna kuacha kunakobomoa nyumba na kuna kuacha kunakoacha mlango wazi. Tofauti iko kwa wanaobaki: wanajua nini, wanaweza kuendelea na nini, na bado unatazamana nao usoni?

Lindberg alifariki Septemba 2025, akiwa na miaka 52. Saratani ilimshika kinywani, mahali pale pale alipofanyia kazi yake. Kabla ya upasuaji aliingia studio na kurekodi sauti kwa ajili ya albamu ambayo bendi ilikuwa inaiandaa. Nafikiria hilo mara nyingi. Huyu ndiye aliyeachwa bila bendi 1996. Alipofika wakati wa yeye kuondoka, aliwaachia wenzake kitu cha kuendelea nacho.

Desemba iliyopita nilipoenda nyumbani nilimwomba mama lile daftari. Nikazunguka. Sikuwafikia wote; wengine wamehama, wawili wamefariki. Niliwaambia kwa kinywa changu kwamba niliacha, kwamba sikufukuzwa, na kwamba ninaandika. Mama mmoja wa kanisa alicheka, akasema alishasahau kama alichanga. Mwingine aliniombea.

Mzee wa jogoo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira, "Mwaka ule nilikuwa nahitaji mbolea."

Nilimwambia, "Najua, mzee." Sikumwambia habari za bendi wala za mchoraji wa Williams. Alinionyesha kiti, tukakaa mpaka chai ikaja. Nilipokuwa naondoka aliniuliza hizo ninazoandika huwa zinahusu nini. Nilimwahidi nitamsomea moja. Ni hii.