Kumpokea Mwenzio Mzigo



Kule Kasingirima, mjini Ujiji, kama katika mitaa mingi ya Waswahili tangu pwani hata Maziwa Makuu, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ikija na vitumbua, hurudi na ndizi. Ikija na migebuka ya kukaanga, hurudi na chochote kilichopatikana jikoni siku ile. Katika Ramadhani sahani hutoka nyumbani kwa Mwislamu na kuingia kwa Mkristu, na siku ya Noeli hupita njia ile ile kwa kurudi. Ni desturi njema, wala hatutaki ife. Walakini ina mtego wake. Mtu asiye na kitu cha kutia katika sahani huona haya kuipokea. Mama mjane humwambia mtoto wa jirani, "Mwambie mama, ahsante, sisi tumekwisha kula," hali jiko lake halijawashwa tangu asubuhi, na watoto wake nyuma ya mlango wanasikia harufu ya wali ikienda zake.

Tumezoea kuhimizwa kutoa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: nani asiyeijua methali hii? Naye Mtume Paulo, alipokuwa akiwaaga wazee wa Efeso, aliwakumbusha neno la Bwana ya kwamba kutoa kuna heri kupita kupokea. Ni kweli tupu. Lakini pasipo mtu wa kupokea, heri hiyo ataipata nani? Yule mjane ameinyima nyumba yake chakula, na jirani yake naye amemnyima furaha. Sahani ile ilirudi nzito kuliko ilivyokuja.

Huko huko Ujiji pana mfano ulio maarufu duniani kote, ingawa wengi huutazama upande mmoja tu. Daktari David Livingstone hakuwa Mkatoliki, wala hatumtaji hapa ili kumfanya mtakatifu. Alikuwa mtu wa kutoa: mganga, mhubiri, adui mkubwa wa biashara ya watumwa. Mwanzoni mwa mwaka 1869, magharibi ya Ziwa Tanganyika, alishikwa na ugonjwa wa mapafu hata hakuweza kutembea. Nani aliyemwokoa? Mwarabu mmoja, Mohamad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Huyo alimpa dawa, akamtunza, akaagiza achukuliwe kwa machela hata ufukoni mwa ziwa. Na tarehe 14 Machi mwaka ule Livingstone akafika Ujiji akiwa hai. Mganga alitibiwa, tena na mtu ambaye kazi yake aliichukia kwa moyo wote.

Mnamo Oktoba 1871 alirudi Ujiji kutoka Manyema, amekonda, na kumbe mali aliyoletewa toka pwani imekwisha kuuzwa yote na mtu aliyekabidhiwa. Aliandika katika daftari lake kwamba alijiona kama yule msafiri wa Injili aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, bila tumaini la kupitiwa na kuhani, wala Mlawi, wala Msamaria mwema. Basi asubuhi moja akaja Mwarabu mwingine, Said bin Majid, akamwambia hana bidhaa ila ana pembe za ndovu. Akamwomba amruhusu aziuze kidogo, ampe yeye mali itakayopatikana. Livingstone alitiwa moyo, lakini akajibu: bado, labda baadaye.

Hatumlaumu, maana alikuwa amebakiwa na akiba kidogo. Lakini tazameni jinsi neno hilo "bado" lilivyo jepesi mdomoni mwa mtu aliyezoea kutoa! Siku chache baadaye akafika Henry Stanley, mwandishi wa gazeti kama sisi, ila gazeti lake, New York Herald, lilikuwa na fedha nyingi kuliko letu. Ukumbusho uliopo Ujiji, mahali penye miembe, unaitaja siku hiyo kuwa tarehe 10 Novemba 1871. Watu hukumbuka maneno ya kusalimiana. Sisi twakumbuka zaidi kwamba baada ya hapo mzee yule alianza kula milo minne kwa siku, nguvu zikamrudia. Alikula chakula cha mwingine bila kuona haya.

Mfano wa Msamaria mwema tumeusikia mara nyingi, na kila mara twajiweka mahali pa Msamaria. Ni nani aliyewahi kujiweka mahali pa yule majeruhi? Alikuwa Myahudi, na Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria. Hata hivyo alifungwa jeraha na mkono alioudharau, akapandishwa juu ya punda asiye wake, akalipiwa nyumba ya wageni kwa fedha asizoweza kurudisha. Kama angalisema, "Niache, nitaamka mwenyewe," angalikufa njiani, na heshima yake pamoja naye.

Labda msomaji atauliza: Je, tupokee kila kitu? La, hasha. Kuna zawadi iliyo kitanzi. Bahasha ya mwenye kesi kwa hakimu, au kilo ya sukari ya mgombea usiku wa kuamkia uchaguzi, hizo ni bei ya kinywa chako. Livingstone alipokea uhai wake mkononi mwa mfanyabiashara wa watumwa, lakini kinywa chake hakikufungwa. Barua zake juu ya mauaji aliyoyaona Nyangwe mwezi wa Julai 1871, zilizochukuliwa na Stanley, zilisaidia kuwaamsha watu wa Uingereza, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Zawadi ya kweli humwacha mpokeaji huru.

Yezu Kristu mwenyewe hakuona haya kupokea. Alizaliwa katika zizi la kuazima, akazikwa katika kaburi la mtu mwingine. Penye kisima cha Yakobo, amechoka kwa safari, alimwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa, yeye aliyeumba maji. Mtume Petro alipokataa kuoshwa miguu, alidhani anamheshimu Bwana wake. Bwana alimjibu kwamba asipooshwa hatakuwa na sehemu pamoja naye. Ulikuwa ukali mkubwa kwa mtu aliyefikiri ameonyesha unyenyekevu.

Turudi nyumbani mwetu. Kuna baba aliyepoteza kazi. Mkewe anauza dagaa na mawese sokoni, analisha nyumba. Jioni baba hukaa mbali na sinia, au hutafuta kosa katika mboga. Kuna mzee anayekataa pesa alizotumiwa kwa simu na binti yake, akisema halishwi na mtoto wa kike. Kuna mgonjwa anayewakataza ndugu wasimwogeshe. Hao huitwa watu wenye msimamo. Sisi twaogopa kuwa mara nyingi ni kiburi kilichovaa kanzu safi. Hata mapadre tunaumwa ugonjwa huu: tumefundishwa kugawa, na mwamini akitushauri, uso hukunjamana.

Lugha yetu yenyewe ina hekima hapa. Mtoto amwonapo mama yake akirudi kutoka sokoni na kikapu kichwani, humkimbilia *kumpokea*. Hapo kupokea ni kumpunguzia mwenzako uzito. Mwenye upendo naye amebeba mzigo, hawezi kuutua mpaka apatikane wa kuupokea. Mke yule sokoni, binti yule wa simu, jirani yule mwenye sahani, wote wamesimama mlangoni na vikapu vyao.

Nanyi mnaotoa, msiwe wagumu. Msihesabu sahani zilizorudi tupu. Na jumuiya ikienda kumtazama mgonjwa na uji wake na sabuni yake, isiondoke kabla ya kumwomba kitu. Mwombeni awasalie Rozari kwa ajili ya mtoto anayefanya mtihani, au awaeleze jinsi kigango kilivyoanza, maana yeye alikuwapo. Kisha kaeni chini msikilize, hata kama jua linazama.